Sanduku la Chumba cha Nne

Jumatatu, 3 Juni

Kesho maonyesho yanafunguliwa. Kasri limekarabatiwa miaka sita, dari limerudishiwa dhahabu yake, na mimi nimekabidhiwa ulinzi wa Chumba cha Nne, ambamo zamani wake wa mtawala walikuwa wakipunga upepo dirishani. Sasa kuna sanduku kuukuu la mbao lenye vishikio vya kamba. Limewekwa mlangoni. Eti ndiyo sanaa yenyewe.

Jambo kubwa si sanduku. Mratibu wa maonyesho ametangaza kwamba siku ya mwisho atamteua mlinzi mmoja awe msimamizi wa ghorofa nzima. Wenye sifa ni wawili: mimi, na jirani yangu wa Chumba cha Tano, ambaye kila mtu humwita Mpole. Mtu akiitwa Mpole na watu wote, ujue ameifanyia kazi.

Shida moja: mama mkwe anajua nimeshateuliwa. Nilimwambia mwezi uliopita. Sikumdanganya. Nilitangulia tu.

Leo saa nane kulikuwa na kikao cha maelekezo ukumbini. Nikamnong'oneza Mpole kwamba kikao kimehamishiwa stoo ya chini. Akatoka mbio huku akinishukuru. Mimi nikaenda ukumbini, nikakaa kiti cha mbele, nikakunja nne. Saa nane na robo, peke yangu. Saa nane u nusu, peke yangu. Saa tisa akaingia mama wa usafi, akaniambia ninyanyue miguu apige deki. Akauliza mbona siko stoo na wenzangu. Ukumbi ulionekana una mwangwi, wakahama dakika za mwisho.

Nimekosa kikao. Mpole alikaa mbele.

Jumanne, 4 Juni

Ufunguzi. Hotuba tatu, zote ndefu. Kabla ya hapo Mratibu alipitisha karatasi: aliyepokea maelekezo atie sahihi. Nikatia. Ya pili kutoka juu, kwa mwandiko wa kupendeza. Kuanzia hapo siwezi kumwuliza mtu chochote. Mtu aliyekwisha kuelezwa anauliza nini?

Mpole amekuja kunishukuru tena. Kasema bila mimi angeachwa. Sikupenda alivyotabasamu. Asiyejua kitu hushukuru mara moja.

Nimesoma kibao cha sanduku: "Mbao, kamba, siku kumi na mbili." Nikacheka peke yangu. Tangu lini siku zikahesabiwa pamoja na vifaa? Fundi aliyenitengenezea kabati alichukua miezi minne na hakuandika popote.

Jumatano, 5 Juni

Sanduku limesogea!

Jana lilikuwa kwenye kigae cha kwanza, mlangoni. Leo liko cha pili. Sakafu ni vigae vikubwa, cheusi, cheupe, kumi na viwili kutoka mlangoni hadi dirishani, kwa hiyo macho yangu hayawezi kunidanganya. Kibao kingine kinasema waziwazi: Usiguse.

Saa saba, wageni walipopungua, nikalivuta kurudi mahali pake. Zito kama deni la jirani. Kiuno kimelia.

Alhamisi, 6 Juni

Limesogea tena. Kigae kilekile. Nimelirudisha. Sasa nimepiga alama ya chaki kwenye kona, ndogo, mtu mwingine haioni.

Nimeanza daftari maalumu, la kijani. Tarehe, saa, kigae, watu walioonekana karibu. Siku ya sanduku kupotea watakayemkamata ni mlinzi wa chumba. Na mlinzi wa chumba akikamatwa, nani anabaki na sifa za usimamizi? Sitaji mtu. Nimeandika tu "Ch. 5".

Ijumaa, 7 Juni

Limesogea. Nimelirudisha. Nilimhoji mama wa usafi kwa ujanja, kana kwamba tunapiga soga. Nikamwuliza kama huwa anasukuma vitu anapodeki. Akasema yeye husukuma watu tu, vitu havina ubishi. Nimemfuta kwenye orodha. Kisha nikamrudisha. Jibu lilikuwa zuri mno.

Mke wangu ameuliza kiuno kimefanya nini. Nikasema ni uzito wa madaraka.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe amepiga simu. Anakuja Jumamosi, siku ya kufunga. Anataka kuiona ghorofa ya mkwe wake kwa macho yake kabla hajafa. Hana ugonjwa wowote. Mke wangu akaniuliza huyo mama ataonyeshwa nini. Nikasema ataonyeshwa ghorofa. Akauliza nani ataionyesha. Nikaenda kupasi shati.

Hesabu iko hivi: nikimnasa mwizi kabla ya Jumamosi, Mratibu hana namna. Atanipa ghorofa, na mama mkwe atakuwa palepale akishuhudia. Ndege wawili, tena wamekaa tawi moja.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimetega. Saa moja u nusu asubuhi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya pazia la dirisha la Chumba cha Nne, daftari mkononi. Pazia jipya, zito, linanuka duka. Nikasimama kama nguzo.

Saa mbili akaingia Mpole. Anakuja na bunda la funguo. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ndiye afunguaye madirisha ya ghorofa. Akaja moja kwa moja kwenye pazia, akalivuta, tukatazamana. Akasema, "Umeamkaje, kaka." Nikasema salama. Akapitisha mkono juu ya bega langu, akafungua dirisha, akaniambia samahani. Hakuuliza ninafanya nini pale!

Kisha, mbele ya macho yangu, akashika kamba akalivuta sanduku kigae kizima. Akapangusa mikono. Akanitakia kazi njema. Akaenda zake.

Nimeona wezi wa usiku, nimesikia wa mchana. Huyu ni wa kukusalimia kwanza.

Nikaandika kwenye daftari. Saa saba nimelirudisha. Ushahidi ni kama uji, ukiupakua mapema utaungua mwenyewe.

Alhamisi, 13 Juni

Limesogezwa. Limerudishwa. Sasa tunapishana mlangoni, yeye anatabasamu, mimi natabasamu. Leo ameniletea mafuta ya kuchua. Eti ameona ninavyotembea, pole sana. Nimeyanusa. Yananuka mafuta ya kuchua. Sijayapaka.

(Nimeyapaka kidogo, kupima.)

Mpango wa Jumamosi: msanii mwenyewe atakuja kufunga maonyesho, Mratibu atakuwepo, wageni watajaa. Nitasoma daftari hadharani.

Jumamosi, 15 Juni

Niandike taratibu.

Mama mkwe alifika saa nne, viatu vipya, akaketi kwenye kiti changu cha ulinzi kana kwamba kiliwekwa kwa ajili yake. Akamwuliza mgeni mmoja kama anajua kwamba ghorofa yote hii ni ya mkwe wake. Mgeni akasema hongera.

Saa tano msanii akaingia na Mratibu. Mama wa makamo, gauni la kijivu, raba miguuni. Akafika mlangoni pa chumba, akasimama. Akalitazama sanduku. Akatazama dirisha kule mbali. Akalitazama tena sanduku. Akamwuliza Mratibu mbona liko hapa.

Saa yangu! Nikapiga hatua mbele nikakohoa. Nikasema kwamba kwa siku kumi na moja mtu fulani amekuwa akilihamisha sanduku hili kwa siri, na laiti si macho yangu, lingekuwa limeshafika dirishani. Nikafungua daftari nikasoma. Siku ya pili, saa saba na dakika kumi, nimelirudisha. Siku ya tatu, saa saba na dakika tano, nimelirudisha. Nikasoma zote, sauti ikipanda. Chumba kilinyamaza. Nilijua wananisikiliza kwa heshima.

Mratibu akatoa karatasi kwenye faili, ileile yenye sahihi yangu ya pili kutoka juu, akaigeuza, akasoma upande ambao sikuuona. Kila asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, mwenye funguo za madirisha atalisogeza sanduku kigae kimoja kuelekea dirishani. Siku ya kumi na mbili litakuwa limefika. Hapo litafunguliwa.

Akamgeukia Mpole, akamwuliza mbona basi hakusema alipoona halifiki.

"Kaka alitia sahihi kama mimi," Mpole akasema. "Nikajua naye ana maelekezo yake. Nikaona si adabu kuuliza."

Hata ile asubuhi ya pazia alidhani nimo kwenye sanaa.

Msanii hakukasirika, ingawa ningependelea akasirike. Aliongea kwa sauti ya chini, na watu wakasogea kusikia. Akasema sanduku ni la bibi yake, aliyekuwa mtumishi humu kasrini. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye kizingiti cha chumba hiki akisubiri kuitwa, na hakuruhusiwa kukanyaga ndani hata kigae kimoja. Alikufa hajui dirisha lile linaona nini. "Nilitaka sanduku lake livuke," akasema. Kisha akanitazama, si kwa ubaya. "Kumbe mlinzi wa mlango bado yupo."

Nikamshukuru. Katika wote, yeye peke yake aliona bidii yangu.

Hapo mama mkwe akanyanyuka kitini. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akavua viatu vipya akaviweka kando, akashika kamba ya upande mmoja. Akamwambia msanii, "Shika huko, mwanangu. Twende naye."

Wakalibeba. Kigae kwa kigae, wanawake wawili, mmoja peku. Kwenye kigae cha sita mama mkwe alipumzika, Mpole akataka kumpokea, akamkatalia. Chumba kizima kiliwafuata nyuma kama maziko, ila watu walikuwa wanacheka kidogo na wengine wanafuta macho. Walipofika dirishani wakalitua kwenye jua. Nikasikia kufuli. Nikasikia kifuniko. Kisha mama mkwe akasema "Yallah" polepole sana.

Sikuona kilichomo. Watu walijaa mbele, nami nilikuwa mlangoni. Ndipo kituo changu kilipo.

Aliporudi kuchukua viatu nikamwuliza kulikuwa na nini ndani. Akafunga mkanda wa kiatu kwanza. "Wewe si msimamizi wa ghorofa?" akasema. "Nenda kaangalie."

Nikaenda. Sanduku lilikuwa limefungwa, ufunguo ameuvaa msanii shingoni. Aliyekuwa anavishwa beji ya usimamizi ni Mpole. Alitokwa na machozi, akasema anastahili kaka. Akanielekeza kidole mbele ya watu wote! Unafiki wa kiwango hicho una chuo chake.

Jumatatu, 17 Juni

Maonyesho yameongezewa wiki mbili, watu wamekuwa wengi. Mimi nimehamishiwa chini, kwenye meza ya kupokea mifuko. Nimemweleza mke wangu kwamba ni cheo: hakuna aingiaye kasrini bila kupitia mikononi mwangu. Akasema ndiyo, na akaendelea kuchambua mchele.

Nimewauliza wageni kumi na wanne waliokuwepo Jumamosi sanduku lina nini. Wote wananiambia nipande juu nikajionee. Lakini sanduku halifunguliwi tena, na kila mmoja anatabasamu kwa namna moja. Watu kumi na wanne wasiofahamiana hawawezi kutabasamu namna moja bila kupangwa.

Mama wa usafi naye aliona. Nikamwuliza kwa ujanja. Akaniambia ninyanyue miguu.

Saa nne akaja mama mkwe! Mara ya pili kwa siku tatu, na safari hii na mashoga zake wawili. Hakuja kwangu. Aliulizia Mpole kwa jina lake halisi, ambalo hata mimi silijui. Mpole akashuka ngazi mwenyewe kumpokea, akamshika mkono, wakapanda wakinong'ona. Yaani imefika kwenye familia.

Ameniachia mkoba wake. Tiketi namba tisa. Mweusi, wa ngozi, umetuna upande wa kushoto. Nimeupima kwa mkono mara tatu, na kila mara ulikuwa mzito zaidi. Daftari la kijani lilibaki kwa Mratibu, kwa hiyo nimenunua jekundu, na ukurasa wa kwanza umeshajaa.

Wako juu saa nzima sasa. Lakini mimi ni mtu wa maadili, mali ya mgeni ni amana. Sikuufungua.

Zipu imekwama.