Wapenzi Niliowageuza Dada

Jumatatu, 2 Juni 2025
Daktari amenipa wiki chache. Namshukuru Mungu: moyo umechoka, kalamu bado inatii. Basi niungame. Mjukuu wangu Aol ametunga mchezo wa kompyuta kwa kampuni moja hapa Ntinda. Wanawake wawili, Akwero na Lamwaka, wanapendana; yumo na babu mmoja, anayekufa mapema. Amemtungia rafiki yake, aliyekimbilia Nairobi kwa kumpenda mwanamke mwenzake. Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili wa polisi, nikapewa kutafsiri. Bosi wake, Tarcisio, akaogopa sheria yetu inayowafunga wapenzi kama hao. Nikamnong'oneza: Wazungu wauzie wapenzi, hapa tuuze dada wa baba mmoja. Akaahidi jina langu litatangulia mchezo. Aol hajui!

Jumatano, 4 Juni
Balaa! Nilibadilisha mazungumzo yote, nikasahau mwisho. Akwero bado anapeleka ng'ombe kumposa Lamwaka. Dada yake! Ukoo mmoja! Jirani yangu Sebit, mwanajeshi mstaafu, kaucheza kwenye simu yangu, toleo la majaribio, kacheka hadi kikohozi. Akaniuliza, Afande, siku hizi ninyi Waacholi mnaoana nyumbani? Nimekimbia sheria, nimeangukia mwiko ambao nyanya yangu hakuutaja hata kwa kunong'ona.

Ijumaa, 6 Juni
Idi. Sebit kaniletea nyama laini, kwa heshima ya meno yangu. Nimeshukuru hadi machozi. Aol kauona mchezo wa Kiswahili, kaja amefura. Anadhani ni Tarcisio aliyeharibu. Jumatatu anaacha kazi. Alisema mtu yule hana chuki wala huruma: Ulaya anauza upinde wa mvua, bendera ya wapenzi hao, hapa anauza woga. Nikafungua kinywa niungame. Nikatia nyama.

Jumapili, 8 Juni
Nimeungama! Aol akauliza: Babu, hata wewe? Iliniuma kuliko moyo wenyewe. Nikasema nilitaka jina langu libaki mahali. Akalia. Akakumbuka ile posa, akacheka, akaninawisha miguu. Jina langu atalifuta. Sawa kabisa! Ahsante, Mungu, kwa mtoto huyu. Nimeapa sitaigusa tena hadithi yake.

Jumanne, 10 Juni
Aol amebaki kazini, na wapenzi wamebaki wapenzi. Tarcisio ameridhia: dada waliooana hawauziki popote. Toleo la Kiswahili litauzwa Ulaya. Amegundua hata Waswahili wa huko wana pesa. Nimefurahi sana. Nikampigia Tarcisio simu, kwa siri. Babu wa kwenye mchezo anakufa mapema mno. Nimeshamwandikia kurasa sita za kuendelea kuishi.