Miujiza Yataka Mashahidi

Jumamosi, 6 Julai

Leo nimeahidi kuthibitisha miujiza ya Yesu. Yote! Kwa ushahidi wa kihistoria. Mwisho wa kuuleta ni Jumapili ya wiki ijayo.

Ilivyokuwa ni hivi. Jumuiya yetu ya Kikatoliki ilikutana asubuhi uani kwa Mama Anjela, mwenyekiti wetu, hapa Makorora, Tanga. Tulisoma habari za mikate na samaki. Tulipomaliza Bibiana akanyoosha mkono. Bibiana ni mwalimu wa historia katika sekondari moja ya kule Raskazone, na ndiye sababu ya mimi kutokosa jumuiya tangu Pasaka. Nataka kumwoa. Yeye bado hajui.

Akasema mwanafunzi wake wa kidato cha tatu kamuuliza: mwalimu, wewe hutuambia historia ni ushahidi, sasa wa hiyo mikate uko wapi? Hakuwa na jibu la kumtosha mtoto. Akaomba tumsaidie.

Kuku tu ndio waliojibu.

Tadeo akajitia kimbelembele. Tadeo ni mwalimu wa kwaya, ana kinanda, na mashati yake yana mkunjo wa pasi mpaka mikononi. Akasema eti hayo ni mambo ya imani, dada, tusiyachokonoe. Bibiana akaitikia kwa adabu, lakini uso niliuona. Hakushiba.

Ndipo nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema ushahidi upo, tena tele, ninao, na nitaumwaga hapa hapa uani. Bibiana akageuka, akanitazama. Mimi! Akasema atafurahi sana kuuona.

Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini. Sasa kilichobaki ni kuutafuta huo ushahidi.

Jumatatu, 8 Julai

Nimepata! Simu hii Mungu aibariki. Kuna Mrumi mmoja wa zamani, mwandishi wa historia, mpagani kabisa, kamtaja Kristo. Mpagani! Ana sababu gani ya kutupendelea?

Bibiana alikuja dukani kwangu kuchapisha mtihani. (Nina steshenari ndogo, mashine moja ya kopi, kompyuta moja, feni inayozunguka ikipenda.) Nikamshushia Mrumi kabla hajakaa kitako. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza huyo Mrumi kaandika nini hasa. Nikasema kwamba Kristo aliuawa na kwamba alikuwa na wafuasi. Akasema vizuri, hilo wanahistoria karibu wote wanalikubali, wa dini na wasio na dini. Na mikate je? Nikasema mikate hakuitaja. Kutembea juu ya maji? Hakukutaja. Aliandika lini? Nikamwambia zamani sana. Akatabasamu. Akasema ni zamani kwetu, lakini kwa mambo yenyewe alichelewa mno, na wala hakuwapo.

Akiwa anaondoka kasema neno la ajabu. Ati darasani jibu analolipenda kuliko yote ni la mwanafunzi anayesema sijui, halafu akaendelea kufikiri. Mtu wa namna hiyo, anasema, angeweza kuzungumza naye kutwa.

Maskini! Ualimu unachosha jamani. Nitamwokoa na hao wasiojua.

Jumanne, 9 Julai

Nimegundua kasoro. Ushahidi bila mpinzani ni kama kucheza bao peke yako. Lazima nishindane na mtu, nimgaragaze, Bibiana aone kwa macho yake.

Mpinzani yupo: Uweso, fundi cherehani wa mlango wa pili. Zamani alikuwa hakosi mihadhara, ile ya Waislamu na Wakristo kubishana vitabu kwa vipaza sauti, na sauti yake peke yake ni kipaza. Nikamfuata barazani kwenye kahawa. Nikamwambia Jumapili natetea miujiza ya Yesu, nataka Mwislamu shupavu asimame upande wa pili. Akauliza miujiza ipi. Nikasema yote: vipofu, wenye ukoma, wafu. Akanikazia macho. Akamalizia kikombe chake taratibu. Akasema atakuja, tena kwa moyo mkunjufu, ila akaniuliza kama nina hakika yeye ndiye ninayemtaka. Nikamwambia asiogope, nitamhurumia.

Ameogopa. Niliiona midomo inamcheza.

Jumatano, 10 Julai

Mpango wa kitaalamu. Wasomi wa kwenye simu wanalalamika kwamba Injili nne hazilingani kila mahali. Haya! Nikionyesha kwamba watu wa kawaida tu, wa Makorora, wakiona jambo husimulia sawasawa, nani tena atawashuku mitume? Ninachohitaji ni tukio na mashahidi.

Tukio: beberu wa Uweso. Nilimfungua mwenyewe kwa siri, nikamvuta kwa maganda ya ndizi mpaka dukani, Mama Anjela akiwa anasubiri kopi zake na Tadeo kaja kuchapisha nyimbo. Uweso alikuwa kibarazani kwake anashona. Beberu aingie, azunguke, atoke. Tukio fupi, la heshima.

Beberu hakuambiwa hivyo. Naandika nimesimama. Kukaa bado.

Alhamisi, 11 Julai

Nimewahoji mmoja mmoja. Msiba mtupu! Mama Anjela anasema mbuzi walikuwa wawili. Tadeo anasema alikuwa mweusi na kaingilia mlango wa nyuma. Duka langu halina mlango wa nyuma! Uweso anasema mbuzi wake ni mpole, alitukanwa kwanza. Hakuna anayelingana na mwenzake, ila kwa jambo moja tu: wote watatu wanaapa kwamba nilipanda juu ya mashine ya kopi nikamlilia mama yangu.

Bibiana habari zilimfikia kabla sijazizika. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kisha akasema kumbe nimegusa jambo kubwa bila kujua. Mashahidi wa kweli hutofautiana rangi na idadi. Wakifanana neno kwa neno ujue walikaa kikao. Mwanahistoria hutazama pale wanapokutana wote, hata wasiopendana, na Injili nazo husomwa hivyo hivyo. Tena, akasema, jambo la aibu lina uzito wake. Nani atajitungia aibu? Kwamba waliotangulia kulikuta kaburi wazi ni wanawake, zama ambazo neno la mwanamke halikuhesabiwa kitu. Kwamba Petro alimkana bwana wake kwa kuogopa kijakazi. Hayo hayanukii kutungwa. Lakini akaonya kwamba hata hapo hatujaufikia muujiza wenyewe. Tumefika kwa watu walioamini kweli kwamba wameuona. Kutoka hapo kwenda mbele, historia haina daraja.

Alikaa muda mrefu, mpaka chai yake ikapoa. Raha iliyoje! La daraja sikulielewa vizuri, nilikuwa namwangalia.

Ila naandika hapa ili vizazi vijue: sikumlilia mama. Nilikuwa namwita fundi wa mashine.

Ijumaa, 12 Julai

Historia ya kale imenichosha. Nataka muujiza mbichi, na mwenyewe yu hai.

Nikapanda bodaboda mpaka Pongwe kwa Mama Msafiri. Huyu bibi goti lilimlaza, watu wakamkatia tamaa, kisha akaombewa, akaamka. Tanga nzima inajua. Nikamwamkia shikamoo kwa magoti mawili, nikamweleza shida yangu. Akafurahi. Akasema kweli aliponywa, na anamshukuru Mungu kila alfajiri. Nikauliza ilikuwaje. Akasema Padre alimpaka mafuta. Safi! Na daktari wa hospitali alimchoma sindano. Mh. Na Sheikh jirani alimsomea dua kwenye maji, akayanywa yote. Na shoga yake Tausi alimkanda kwa mwarobaini kila jioni. Nikamwuliza kipi hasa kilichomponya. Akanishangaa. Akasema yeye alikuwa mgonjwa, hakuwa refa.

Nikamsihi Jumapili aje aseme la Padre tu, mengine ayameze. Lo! Alivyonigeukia! Akasema kwa umri wake hawezi kwenda mbele za Mungu na ushahidi wa nusu, na kwamba mtu aliyenituma aone haya. Hakuna aliyenituma. Kanifungashia mihogo, kaniombea akili, kisha kaingia ndani kwake. Anachechemea goti la pili.

Jumapili, 14 Julai

Siku yenyewe. Baada ya misa uani kwa Mama Anjela kulijaa. Suti yangu ya harusi ya kaka. Bibiana benchi la mbele, gauni la bluu. Tadeo pembeni na kinanda chake, sijui nani alimwomba.

Nikafungua. Niliwaka! Nikasema vipofu waliona, wenye ukoma walitakasika, wafu waliinuka, na kama kuna mtu wa kukanusha, asimame sasa mbele ya mashahidi. Nikamnyooshea Uweso kidole.

Uweso akasimama. Kanzu nyeupe, kofia ya kutarizi. Akatoa salamu. Akasema ndugu yangu Castory kasema kweli tupu. Sisi Waislamu, akasema, tunaamini Nabii Isa aliponya vipofu na wenye ukoma, na alifufua wafu, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Akaongeza kwamba tena wao wanayo mawili ambayo mimi nimeyasahau: alisema akiwa mtoto mchanga, na alifinyanga ndege kwa udongo akampulizia akaruka. La msalabani, akasema, hapo njia zetu zinaachana, na tuachane kwa salama. Lakini ya miujiza yuko nami bega kwa bega. Akaja akasimama upande wangu!

Watu walicheka mpaka Mama Anjela akaomba maji. Miaka yote hii naishi mlango kwa mlango na Waislamu. Nani alinizuia kuuliza?

Sasa tumebaki wawili upande mmoja, upande wa pili hakuna mtu. Uweso, kwa sauti yake ile, akauliza nani basi mwenye shaka. Bibiana akanyoosha mkono.

Hakupiga kelele. Akasema anaamini, na leo asubuhi kapokea komunyo kama sisi. Lakini mwanafunzi wake hakumuuliza anaamini nini. Alimuuliza historia inasema nini. Historia inasema Yesu aliishi, alisulubiwa, na wafuasi wake mapema sana walikuwa tayari kuteswa kwa kusema kafufuka. Watu hata wa nje walimjua kuwa mtenda maajabu. Kwamba maajabu yenyewe yalitokea, au hayakutokea, wenzake wenye taaluma wanabishana mpaka leo, na anayedai historia imemaliza shauri, awe mwenye dini au asiye na dini, anaizidishia mzigo. Kisha akanigeukia, kwa upole kabisa. Akaniuliza: Castory, wewe unajua, au unaamini?

Uani wote macho kwangu. Uweso akanikanyaga mguu, akanong'ona kitu. Sikumsikiliza.

Nikasema NAJUA. Najua kama ninavyojua jina langu! Akauliza kwa ushahidi gani. Nikamtaja Mrumi. Mama Anjela akauliza kama Mrumi naye alimwona mbuzi.

Baada ya kicheko Bibiana akamwuliza Tadeo swali lile lile. Tadeo akakuna kichwa. Akasema kusema kweli hajui, kuna siku anaimba zaburi machozi yanamtoka na kuna siku anaimba huku anawaza umeme umekatika, lakini anaendelea kuimba, labda siku moja atajua. Jibu gani hilo? Hana hata hoja moja! Bibiana akamsogelea kwenye benchi. Wakazungumza mpaka tulipokunja viti. Niliona wivu, naandika wazi, niliona wivu mpaka kifua kikauma.

Jumatatu, 15 Julai

Uweso kaja na birika la kahawa kunipa pole. Kaniambia wanazuoni wao wakubwa, wakishajibu swali lote kwa hoja zao zote, humalizia kwa kusema Mungu ndiye ajuaye zaidi. Wala haiwapunguzii heshima. Akanishauri niende leo leo Raskazone, nisubiri shule itoke, nimwambie Bibiana neno moja tu: sijui. Akasema bado sijachelewa, jana binti alikuwa ananitafutia mlango wa kutokea na mimi nikaufunga kwa komeo.

Nikamshukuru. Kisha nikamweleza kwamba mwanamume akishasema anajua, akarudi akasema hajui, huyo ni wa kuolewa. Uweso akainywa kahawa yake, na yangu.

Sikwenda Raskazone. Nimeshinda natafuta Warumi wengine.

Jumanne, 27 Agosti

Leo Bibiana kaja dukani, peke yake. Kavaa kitenge, kapendeza, uso unang'aa. Kaniita kaka Castory. Kaniomba nimchapie kadi za harusi. Yake na Tadeo. Posa ilipokelewa wiki iliyopita, wazee wote wameridhia.

Nilikaa chini. Akaniuliza kama naumwa, nikasema ni joto. Akaniletea maji mwenyewe, kwa mkono wake, akasimama mpaka nikayamaliza. Akachagua maandishi yenye mikia. Maua ya pembeni akaniachia mimi nichague, akasema ananiamini. Kisha akaaga.

Nilifunga duka mapema, nikalia kidogo, siwezi kuficha. Halafu nikanawa uso nikaanza kufikiri kama mtaalamu. Mchumba, posa, wazee kuridhia: hayo ni maneno tu, mimi sikuwapo. Nilichokiona kwa macho yangu ni kingine. Steshenari Makorora ziko kila kona, na ile ya karibu na stendi ina mashine ya rangi. Yeye kaziruka zote, kaja kwangu. Sasa huo kama si ushahidi, ni nini?