Mtoto Hana Dizeli

Jumanne, 4 Juni

Jumapili ni fainali ya watoto: sisi Ngagara na wale Gasenyi. Nimepata mbinu! Kocha wao, Népomuscène, anawarukisha watoto nusu saa nzima kabla ya mpira. Upuuzi mtupu. Wangu wataingia uwanjani moja kwa moja, nguvu zao zote nzima. Assia, muuguzi wa mtaa wetu na mama wa golikipa, akasema misuli ya baridi huchanika. Akaniuliza mbele za watu mbona gerejini kwangu nawagombeza madereva kila asubuhi wanapoondoa gari kabla injini haijapata moto. Nikamjibu mtoto hana dizeli. Watu walicheka sana. Nadhani walimcheka yeye.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa! Joëlla, winga wangu wa miaka kumi na minne, kateguka kifundo cha mguu. Dakika ya kwanza ya mazoezi! Assia alikuwa kazini, alhamdulillahi. Nikajifanya daktari. Maji ya moto, chumvi, siagi ya ng'ombe, nikakanda kwa nguvu kama bibi alivyokuwa akinikanda mimi, kisha nikauvuta mguu. Mtoto alipiga yowe hadi waliokuwa msikitini wakatoka kutazama. Jioni kifundo kimevimba kama tunda la avoka.

Assia akaja, akasonya. Kasema jeraha bichi halikandwi wala halitiwi moto. Barafu ndani ya kitambaa dakika ishirini, bandeji, mguu juu ya mto, mapumziko. Angeshindwa kukanyaga, angepelekwa kupigwa picha ya mfupa. Alikanyaga hatua nne, akilia. Jumapili hachezi.

Wazazi nao wakatoa neno: mtoto mwingine akiumia kwa ujinga wangu, filimbi anachukua Assia. Filimbi yangu! Miaka kumi na moja naivaa shingoni. Niliivaa hata siku ya harusi yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Baada ya sala, mbinu mpya. Nikampelekea Joëlla kiatu changu cha kushoto, namba 42, ili mguu uliovimba uingie. Akasema apana, Kocha, mi sichezi, mguu unauma. Kisha akaniuliza kama atakimbia tena. Niliona haya kweli, karibu dakika kumi nzima. Halafu mama yake akatokea, akaniona na kiatu. Nimerudi mbio. Kiatu kimebaki kwao.

Jumamosi, 8 Juni

Kama sisi hatuna winga, basi Gasenyi nao wachoke! Baada ya kazi za jamii za asubuhi, nilimwalika Népomuscène alete timu yake tukimbie na vile vilabu vya mbio vinavyopanda mlima kila Jumamosi vikiimba. Akakubali haraka. Mjinga! Lakini akaja peke yake. Watoto kawaacha wapumzike, kesho wana mechi.

Watu walikuwa wananitazama. Ningefanya nini? Nikachomoka mbele bila kujinyoosha hata kidole. Hatua thelathini, tap! Shavu la mguu. Népomuscène kanibeba mgongoni hadi Ngagara, na wakimbiaji wakanitia kwenye wimbo wao. Mmoja anaita “Kocha!”, wengine wote wanaitikia “Kabebwa!”

Assia alitupokea na barafu. Akauliza kama injini ilikuwa imepata moto. Kisha akanivua filimbi shingoni. Nikamkumbusha kwamba wazazi walisema mtoto akiumia. Akajibu ndiyo, mtoto.

Jumapili, 9 Juni

Tumeshinda mbili kwa moja! Assia aliwapasha watoto moto robo saa, wanakimbia polepole, wanaruka, wanazungusha vifundo. Hakuna aliyechechemea. Mimi na Joëlla tulikaa benchi moja, miguu juu ya gunia la mipira. Aliniambia uvimbe umeanza kushuka, na Assia kamuahidi kwamba maumivu yakiisha ataanza kukimbia taratibu. Nilifurahi hadi macho yakanilowa. Nikasema ni vumbi.

Bao la pili, nikasahau, nikaruka. Tap! Mguu wa pili.

Hata hivyo nimewaeleza wote kwamba ushindi ni wa mbinu yangu: kumficha winga ili Gasenyi wachanganyikiwe. Hawajanirudishia filimbi. Watanirudishia tu nikiingia uwanjani kesho kwa miguu yangu mwenyewe, na kwa hilo nina dawa. Assia kaniachia barafu ya kutosha. Nimeitia kwenye Fanta. Sasa maji yanachemka, chumvi ipo, siagi ipo, na mlango nimeufunga kwa ndani.