Mume Wangu Ana Magurudumu Matatu, Mrudisheni Chamani

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Waendesha Pikipiki za Safari Ndefu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MUME WANGU KURUDISHWA KUNDINI

Baada ya salamu, na baada ya kukukumbusha kwamba wewe ni shemeji yangu uliyetushikia pete siku ya harusi, naomba leo tuuweke ushemeji pembeni. Nakuandikia kama raia mwenye malalamiko anavyomwandikia kiongozi. Chai yako ipo, utakuja kuinywa siku nyingine.

Yaliyotokea unayajua, ila barua rasmi lazima ieleze. Mwaka jana mume wangu, mpima ardhi mstaafu, mwanachama wenu tangu tuoane na kiongozi wenu wa njia kwa miaka ishirini na miwili, alipatwa na kiharusi kidogo. Mkono ulirudi kwa sehemu kubwa, maneno yakarudi (mengine ningependa yasirudi), lakini mguu wa kushoto ukabaki na uvivu. Siku ya kwanza aliposimama kwenye taa za barabarani na ile pikipiki yake kubwa, mguu ukagoma, chombo kikamlalia taratibu kama ng'ombe aliyechoka, wakaja watu watatu kumwinua. Daktari akasema magurudumu mawili sasa basi. Tulipotoka pale mume wangu akanieleza kwamba daktari amekataza mawili, matatu hakuyataja.

Basi akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea anayeitwa Polepole, na kwa miezi miwili fundi huyo alilitendea haki jina lake. Alikata sehemu yote ya nyuma, akafunga ekseli ya gari dogo, akaweka gurudumu huku na gurudumu huku, akashona kiti kipana cha nyuma chenye egemeo. Siku ilipotoka gereji mume wangu alitokwa na machozi, akasingizia vumbi la msasa. Wiki iliyofuata kamati yako ikakaa, yeye akiwa kwenye mazoezi ya mguu, mkaamua kwamba chombo chake si pikipiki tena, na kwa hiyo yeye si mwanachama tena. Asiyekuwapo na lake halipo. Tangu siku hiyo Jumamosi zake zote ziko mikononi mwangu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Jiko langu limepimwa. Kwa miaka thelathini na mmoja Jumamosi nilikuwa na nyumba yangu, redio yangu na kimya changu. Sasa kuna mtu mzima mlangoni ameshika futi kamba. Ameona kwamba kutoka kwenye sinki hadi jiko natembea hatua mbili za bure, akahamisha mikebe yote. Wiki iliyopita nilitia sukari kwenye maharage mbele ya wageni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimpa jembe. Aliliegemeza ukutani akaanza kuipima bustani, na sasa nina vigingi vinne katikati ya mchicha.

2. Naongozwa. Mlimzoesha kuongoza msafara, na mtu hawezi kuacha kazi kwa sababu tu kamati imeandika barua. Tukienda sokoni kwa miguu, kwanza napewa maelezo ya njia uani. Tukifika kona ananyoosha mkono kunionyesha tunapinda wapi, kona ambayo naipinda tangu ujana wangu. Kila baada ya dakika kumi na tano tunasimama kunywa maji, kisha anatuhesabu. Tuko wawili, Ndugu Mwenyekiti. Juzi alihesabu akapata mmoja, kwa sababu nilikuwa nimeshakimbilia kwa muuza nyanya.

3. Chombo kinarudi nyuma. Fundi Polepole, kwa wema wake, alikiwekea gia ya kurudi nyuma pamoja na king'ora kinacholia kama cha lori la mchanga. Kwa kuwa hana pa kwenda mbele, mume wangu anakwenda nyuma. Anafanya mazoezi uani tangu asubuhi. Kuku wamehamia kwa jirani, na jirani mwenyewe hanisalimii. Siku moja alirudi nyuma hadi kwenye kamba ya nguo, akatokea barabarani na shuka langu la maua likipepea nyuma yake, watu wakampigia vigelegele. Tena akisimama bado anashusha mguu chini kama zamani, akisahau kwamba nyuma yake sasa kuna gurudumu pembeni. Limeshamkanyaga kidole mara mbili. Kwa bahati ni mguu uleule mvivu, na wenyewe haukulalamika sana.

4. Sheria yenu haisimami. Nimeisoma katiba ya chama, nakala yake imekaa sebuleni kwangu miaka yote ikizuia meza isicheze. Imeandikwa mwanachama awe na "pikipiki ya magurudumu mawili". Sawa. Zenu zikiegeshwa zinasimama kwa nini? Kwa stendi. Hicho ni kiungo cha tatu, na hakuna aliyefukuzwa kwa ajili ya stendi. Mweka hazina wenu pikipiki yake ilimharibikia safari mbili mfululizo, ikarudi juu ya lori la matairi kumi. Kwa hesabu yangu siku hizo alisafiri kwa magurudumu kumi na mawili, na mlimpokea kwa makofi. Wewe mwenyewe ni daktari wa meno. Je, mgonjwa ukishamwekea meno ya bandia, unamwambia kuanzia leo asikae tena mezani na watu wanaokula? Kama jibu ni hapana, basi mume wangu amewekewa jino, na mnatakiwa kumpisha akae.

5. Hili nilitaka nisiliandike. Kila Jumamosi saa moja asubuhi mnapita barabara yetu, mnapiga honi kumsalimia. Najua ni kwa mapenzi. Lakini yeye anakuwa ameamka mapema, amepiga mswaki, amevaa jaketi na buti, amekaa kwenye kigoda nyuma ya geti. Mkishapita anabaki pale mpaka mlio uishe kabisa, kisha anaanza kufungua kamba za buti, na kwa mkono ule kazi hiyo inachukua muda. Mimi najifanya nafagia. Nimefagia mahali pamoja hadi sakafu imeanza kuchubuka. Inaniuma, shemeji. Samahani, Ndugu Mwenyekiti. Mtu huyu aliwatoa kwenye matope, kwenye ukungu na kwenye njia mlizokuwa mmezipotea huku mkibishana, na hakuna siku aliyomwacha mtu nyuma.

6. Kutokana na hayo, natoa siku kumi na nne. Zikipita bila mume wangu kurudishwa, hatua ya kwanza: kila Jumamosi nitamleta zahanati kwako aongoze wagonjwa kutoka kwenye benchi hadi kwenye kiti chako, akiwahesabu. Hatua ya pili: nitaitisha mkutano wa wake wa wanachama wote kumi na mmoja. Nimeshawadokeza wawili, wako tayari. Hatua ya tatu: nimezungumza na fundi Polepole. Anasema pikipiki moja ni miezi miwili, ila zikija kumi na moja kwa mpigo atanunua ekseli kwa jumla. Tunajua mnapoziegesha wakati wa mkutano. Kikao chenu kijacho cha katiba kitakuwa na ajenda nyepesi sana.

Nina imani kwamba kiongozi mwenye busara kama wewe hatapenda tufike huko. Nisalimie wanakamati wote, hata yule aliyependekeza afukuzwe. Nisalimie mweka hazina na lori lake. Mke wako mbusu mashavu yote mawili, mwambie mkutano ni Alhamisi. Watoto wako waambie mama mkubwa anawakumbuka.

Wako katika kudai haki,
Mke wa Kiongozi wa Njia.

Tanbihi: Barua hii imekaa kwenye droo wiki nzima kwa kukosa bahasha, na katikati limetokea jambo. Jumamosi mlipokwisha kupita, sikuweza kufagia tena. Niliweka fagio chini nikamuuliza kile kiti cha nyuma kimeshonwa kwa ajili ya nani. Alinitazama kama nimemsemesha kwa lugha ya kigeni. Zamani sikuwahi kupanda. Niliogopa, na yeye aliogopa kuniangusha. Tumekwenda, shemeji. Tumevuka daraja. Amenionyesha yote anayonisimulia tangu tuoane: ile miti, lile duka la mzee anayelala, na yale maporomoko, ambayo ukweli wake ni kamfereji. Nilicheka hadi nikashikwa na kwikwi, naye akacheka. Wakati wa kurudi alinishika mkono kunipandisha, kwa ule mkono wake mbovu, na haukuniachia.

Kwa hiyo naomba asirudishwe kwanza. Akikupigia simu, mwambie kamati bado inalijadili. Najua si haki, na siku moja nitamwambia mwenyewe. Lakini miaka thelathini na mmoja niliwaazima Jumamosi zake bila kudai hata moja. Nami niazimeni chache. Jadilini taratibu.