Kambare wa Mita Sita

Mimi ndiye mtu wa kwanza mkoani Tabora kumrekodi kambare akiwa nyumbani kwake, ndani ya mto, mita sita chini ya maji!

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye barua ya kuomba kazi. Katika sentensi hiyo ndefu, neno la kweli lilikuwa "Tabora" peke yake.

Naitwa Vedasto, mhitimu wa shahada ya sayansi ya samaki. Miaka minne darasani nilijifunza majina ya mifupa yote ya kambare. Miaka mitatu iliyofuata nilikaa mtaa wa Isevya, Tabora mjini, bila kazi, nikiwaeleza majirani mifupa hiyo wakiwa wanakula. Ndipo mradi mmoja wa kuhifadhi mito ukatangaza nafasi ya mpiga video wa viumbe wa majini. Nafasi moja tu! Kila mwombaji alete dakika tatu za samaki wa Mto Ugalla. Baba aliposikia, akatangaza kanisani kwamba mwanawe ameshaajiriwa.

Sasa ningerudije nyuma?

Nikaenda mtaa wa Ng'ambo kwa binamu yangu Godbless, mpiga picha za harusi, kuazima kamera isiyoingia maji aliyoinunua kwa ajili ya harusi za masika.

"Usiizamishe," akaniambia.

"Godi, kuizamisha ndiyo kazi yenyewe!"

"Basi usiipoteze. Ukiona unazama, itangulize kamera nje, wewe utafuata."

Wapagazi wa kale walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa hadi pwani, tena wakiimba. Mimi nilibeba kamera nyepesi kuliko andazi hadi Usinge, kwa treni, nikalalamika njia nzima.

Nikafika mtoni, nikazamisha kamera, nikasubiri kama mfalme anayesubiri kodi. Saa nne nzima! Nilipotazama nilichovuna, nikaona uji wa ulezi. Uji mwanzo, uji katikati, uji mwisho. Mara moja kitu kama mkia kilipita, nikashangilia peke yangu porini. Kumbe ni kamba ya kamera.

Mhitimu wa kawaida angerudi mtoni kesho yake. Mimi nilikuwa na akili zaidi. Kama kambare hana maji safi, si nimpelekee?

Nikarudi mjini, nikanunua kambare mmoja sokoni, bado anapumua na kunitazama kwa dharau. Mwenye nyumba wangu, Mama Dafrosa, alipokwenda kwenye sala ya jumuiya, nikamtumbukiza kambare kwenye tangi lake la maji. Nikatupia mawe mawili, na fungu la matembele yawe magugu ya mto. Kisha nikajipenyeza mwenyewe, kamera mkononi, jua la saa sita likimulika kupitia mdomo wa tangi.

Uzuri ulioje! Kambare alizunguka kwa madaha kama askofu anayebariki waumini. Nilipotimiza dakika ya tatu, nikasikia bomba la tangi likifunguliwa.

"Mbona maji yana shombo?" Ilikuwa sauti ya Mama Dafrosa. Akagonga tangi. "Nani humo?"

Nikachungulia kwa juu, matembele kichwani. "Shikamoo mama. Ni mimi, Vedasto."

"Marahaba. Unafanya nini kwenye maji yangu ya kunywa?"

"Sayansi, mama."

"Toka na sayansi yako yote. Usiache hata mkia!"

Nilisugua tangi lile siku mbili. Lakini filamu nilikuwa nayo! Nikafuta sauti ya Mama Dafrosa, nikaweka yangu, nzito kama ya mtangazaji wa redio: "Hapa, mita sita chini ya Mto Ugalla, kambare anawinda..."

Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa waombaji. Mwenyekiti wa jopo, Bi Asnath, alitazama filamu yangu mdomo wazi. Baba, aliyejialika mwenyewe na suti yake, alipiga makofi kabla ya watu wote na akaendelea baada ya watu wote. Kisha akasimama mjumbe wa jopo, Mzee Ngollo, mvuvi wa Usinge. Nikajua anakuja kunipongeza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu rudisha nyuma kidogo. Hapo hapo! Simamisha." Akasogelea skrini. "Samaki huyu namfahamu."

"Unawafahamu kambare, mzee?"

"Namfahamu *huyu*. Ona tundu la taya. Samaki wa kupeleka sokoni tunamtoboa taya, tunapitisha kamba ya gome, ananing'inia hadi mjini. Wenzangu wote hutoboa kulia. Mimi natumia mkono wa kushoto, natoboa kushoto. Huyu nilimtunga mwenyewe, Jumatano."

Ukumbi ukalipuka! Miaka minne ya mifupa, na tundu la kupitisha kidole sikuliona.

Bi Asnath akashika kalamu juu ya jina langu. "Kijana, swali moja tu. Hapo ni Mto Ugalla, kina cha mita ngapi?"

Nikamtazama Baba. Nikatazama viatu vyangu.

"Si Ugalla, mama. Ni Isevya. Na si mita. Ni lita elfu mbili."

Kalamu ikalikata jina. Baba akaanza kutafuta mlango.

Mzee Ngollo akanishika bega kwa huruma. "Na kambare mwenyewe, bado yu hai?"

"Yu hai, mzee. Yumo kwenye beseni chumbani kwangu."

"Basi kamlete aombe yeye hiyo nafasi. Ametoka mtoni, amefika sokoni, ameishi mjini, ameigiza filamu. Tangazo si lilisema anatakiwa mwenye uzoefu?"