Nyumba Ndogo ya Ng'ambo

Mtu anayepigwa picha ya pasipoti akashindwa kuzuia tabasamu ana vitu viwili: safari na akiba. Hilo Balozi alilijua, ndiyo maana kila asubuhi alikunywa chai kwenye benchi la studio ya picha. Walimwita Balozi kwa sababu ya suti. Nchi iliyomtuma haijajulikana mpaka leo.

"Mzee, usicheke," mpiga picha alisema kwa mara ya nne. "Pasipoti haitaki meno."

"Najitahidi, mwanangu. Ni huyu mjukuu."

Balozi akaweka kikombe chini. Chai haijapoa, alishajua yote: mzee ni dereva mstaafu, binti yake wa pekee ameolewa ng'ambo na amejifungua, mzee ameuza kiwanja chake cha urithi ili anunue nyumba huko ahamie, na mkewe hajui lolote.

"Nataka nimkabidhi ufunguo tu, abaki mdomo wazi," Dereva alisema.

"Mzee wangu, Mungu akupe nini tena? Mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Ninayo nyumba ndogo kulekule, vyumba viwili, dirishani bustani. Mwenyewe anaiuza bei ya kutupa. Amechoka na baridi."

"Maskini," Dereva akasema, akamhurumia kwa dhati mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Wiki hiyohiyo akatoa nusu ya fedha. Akapewa picha ya nyumba, na ufunguo ambao Balozi aliuokota kwa fundi wa kufuli. Nusu ya pili ingeletwa Ijumaa. Balozi naye alishakata tiketi ya Ijumaa jioni, ila si ya ng'ambo; bei za nyumba za huko alizijua.

Tamaa haina subira. Alhamisi akapiga simu kwa Dereva, ikapokewa na mwanamke.

"Shikamoo mama. Mwambie mzee nyumba ndogo yake iko tayari, inamsubiri yeye tu na zile hela zilizobaki."

"Nyumba ndogo?"

"Ndiyo mama, nzuri sana!" Akakata simu. Bingwa wa maneno hakusikia alichokisema. Jamani, si kila nyumba ndogo ina matofali. Nyingine ina hereni, na kwa lugha yetu wake za watu huifikiria hiyo kwanza.

Ijumaa saa nne, benchi la nje ya ofisi aliyoikodi Balozi ghorofani lilikuwa na wateja watano, kila mmoja na ndoto yake ya kuhama. Akapita mama mfupi wa miwani akimvuta Dereva kwa mkono wa shati. Mlango hakuufunga.

"Wewe ndiye kuwadi wa mume wangu?"

"Mama, shika—"

"Usiniamkie! Huyo nyumba ndogo ana umri gani?"

"Mke wangu..." Dereva akajaribu.

"Wewe kaa." Akakaa.

"Mama, si mtu, ni nyumba! Vyumba viwili!"

"Ahaa, na chumba cha watoto mmemwekea! Kaka zangu watatu wako hapo chini, wapasua kuni. Wanangoja niwaite tu."

Balozi akapiga hesabu ya haraka. Tapeli akikamatwa hupelekwa polisi, na polisi kuna benchi la kukalia. Kuwadi akikamatwa na mashemeji, cha kukalia hana tena.

"Nakuapia mama, hakuna mwanamke!"

"Basi nipe anwani. Binti yangu yuko kule, akagonge mlango sasa hivi. Akifungua mwanamke..."

"Hafungui mtu!"

"Kwa nini?"

"Hakuna mlango!"

"Nyumba gani haina mlango?"

"Hakuna nyumba, mama! Si ndogo, si kubwa, hata msingi hakuna! Picha niliikata kwenye kalenda!"

Benchi la nje likalia kwa kuachwa na watu watano kwa mpigo.

Kufika saa sita Balozi alikuwa amerudisha hela za kila mtu, isipokuwa mmoja. Suti aliichukua mteja wa tano, ambaye zake zilishageuka tiketi.

Dereva alishuka ngazi akilia waziwazi. Hakulilia hela, hizo zilikuwa kwenye mkoba wa mkewe. Alililia ile nyumba; alishachagua hadi mahali pa kuweka kiti chake.

"Nilitaka uamke karibu na mjukuu, basi."

"Tutaenda," mkewe akasema, akimfuta machozi kwa leso. "Tutapanga chumba kwanza. Ya kununua tutaigusa ukuta kwa mikono yetu."

Chini hapakuwa na mtu.

"Mashemeji wako wapi?"

"Mashemeji gani? Kwa hofu umesahau ulioa mtoto wa pekee?"

Dereva akasimama. "Kumbe ulijua?"

"Nilipekua koti lako. Picha ya nyumba mbele, nyuma tarehe za Machi. Nimefundisha chekechea miaka thelathini, baba. Mtoto ukimuuliza kama ameiba chaki, atakana mpaka kesho. Muulize kwa nini amemng'ata mwenzake, atalia, 'Mimi niliiba chaki tu!'"

Dereva akacheka na machozi yake. Halafu akauliza, kama mtu aliyeonewa kidogo:

"Kwa hiyo hukudhani hata dakika moja kwamba ninaweza kuwa na nyumba ndogo?"

Mkewe akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Wewe? Kubwa yenyewe bati linavuja tangu mwaka jana."