Sikukuta Kitu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Kamati. Makamu wake, na anayemkaimu makamu. Waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wastaafu na wakurugenzi watarajiwa. Wataalamu wa fani zote. Wakwe zangu mliofika kwa basi la ofisi. Mabibi na mabwana: itifaki nimeizingatia, na niliyemsahau ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Ndugu zangu, leo tunazindua Chumba Safi cha kuundia chombo chetu cha anga za juu. Asiyejua atauliza, usafi wa nini? Chombo kikitua sayari nyingine kimebeba vijidudu vyetu, siku moja wataalamu watapiga kelele kwamba wamegundua uhai huko, kumbe ni chafya ya fundi wetu! (Vicheko.) Kwa hiyo, katika kutekeleza stratejia jumuishi ya udhibiti wa kontaminesheni, kwa mujibu wa mwongozo nilioubuni mwenyewe nikiwa safarini kwenda kuutafuta, fundi atavaa ovaroli nyeupe, barakoa na glavu, na mpimaji atapangusa kila pembe kwa kijiti cha pamba, apake kwenye kisahani, asubiri siku tatu aone kama kuna kitakachoota.

Na matokeo? Vijidudu sifuri! (Makofi, mtu anapiga mbinja.) Wenzetu walioendelea bado wanahangaika na vijidudu mia, mia mbili, lakini sisi tumefaulu kwa asilimia mia moja na nne. Visahani arobaini havikuota kitu, na karatasi zilizovifunga hazijafunguliwa hadi leo, usafi ulivyo mkali. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndiyo maana nimezunguka kila mji kuutangaza mradi huu.

Ninyi wa nyuma, msilisogelee pazia la Chumba Safi! Mtaingiza vijidudu. (Upepo unainua pazia. Nyuma yake ni nyasi na kuku mmoja. Minong'ono.) Huyo kuku naye ni mdau. Tuendelee.

Mpimaji wetu huyu hapa mbele. Ni shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, lakini kazi aliipata kwa sifa zake. Ilitokea tu sifa hizo zikawa zimewekwa mezani kwangu. Bila sahihi yake cheti cha usafi hakitoki. Na nimemweleza kwa upendo kwamba asiposaini, kule stoo nafasi zipo tele. Simama, shemeji, wakuone. Mbona umenuna, na leo sherehe ni yako? Taarifa yake ya kwanza niliipenda kwa ufupi: "Sikukuta kitu." Maneno mawili tu! Wengine wangejaza kurasa mia. Haya, weka sahihi.

(Mpimaji: "Shemeji, nilipoandika sikukuta kitu, sikuwa nasema vijidudu.")

Wewe saini tu, mama, ufafanuzi utatolewa na msemaji.

(Mpimaji anainama mezani. Anaandika muda mrefu.)

Mnaona anavyojituma! Mimi hati sizisomi ofisini, nazisoma jukwaani, kwa uwazi. Nanukuu: "Mimi mpimaji nathibitisha kwamba nilifika na vijiti arobaini. Sikukuta vijidudu kwa sababu sikukuta chombo, na sikukuta chombo kwa sababu sikukuta chumba. Nilikuta pazia. Stoo nitakwenda kwa miguu yangu, kama nayo ipo." Mwisho wa kunukuu.

(Kicheko, kinaanzia viti vya wakwe.)

Makofi, jamani... Usafi! Nasema, usafi! (Kuku anaitikia.) Chumba Safi, taifa safi!

Basi, nawashukuru wote. Namshukuru aliyetuazima pazia, litarudi kwake jioni. Na wewe shemeji, asante. Dada yako alinionya kwamba hujui kufumba macho, nikadhani anakusifia. Wanaoondoka watokee mlango mkuu wa Chumba Safi, ule wa... Ah. Tokeni popote tu, ndugu zangu. Hakuna mlango.